Dakika ya Kumi na Moja

Pacha wa Paskali Tluway alikufa Jumanne, saa nne na robo asubuhi, na aliyemwua ni Sikudhani Hamadi.

Sikudhani alikuwa ameketi mbele ya kioo cha chumba cha sita, akitazama mstari wa kijani ukipanda na kushuka kwenye skrini. Nyuma ya kioo kulikuwa na kisanduku cha ukubwa wa tofali. Ndani yake, katika vijumba vilivyounganishwa kwa mirija myembamba kama uzi wa kushonea, mlikuwa na kipande cha ini, kipande cha pafu, uzi wa msuli, na donge la moyo lisilozidi punje ya mtama. Vyote vilikuwa vimeoteshwa kutokana na vijiko viwili vya damu ya Paskali. Donge lilidunda, pafu lilitanuka na kunywea, msuli ulijikunja na kujikunjua. Chuoni hapo hakuna aliyeita kitu kile kisanduku. Walikiita pacha, na kila mwanagenzi alikuwa na wake.

Asubuhi ile Sikudhani alikuwa amewatia sumu pacha wote ishirini na wanne, kisha akawapa dawa aliyoihangaikia miaka miwili. Dawa haikuwa na jina bado. Iliitwa Thelathini na Moja, kwa kuwa thelathini zilizoitangulia zilishindwa. Pacha ishirini na watatu walizinduka ndani ya dakika saba. Hata wa Paskali alianza vizuri: msuli uliokuwa umekakamaa ukalegea, pafu likafunguka. Sikudhani akaanza kufikiri jinsi atakavyompigia simu mama yake Wete.

Dakika ya kumi na moja, mpigo wa moyo wa yule pacha ukashuka hadi nusu. Dakika ya kumi na nne ukakatika, na mstari wa kijani ukalala.

Aliandika saa, akaandika dakika, akabonyeza kitufe cha kumwita mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi: pacha akifa, mwenyewe huambiwa kwanza, kabla ya profesa.

Paskali alikuja akijifuta mikono. Alikuwa mtu mrefu, wa miaka arobaini kasoro, aliyekuwa daktari wa mifugo Mbulu kabla ya kuitwa chuoni hapo Kondoa. Aliinama akatazama kioo.

"Nimekufa saa ngapi?" aliuliza.

"Saa nne na robo. Pole, kaka."

"Kwa sumu au kwa dawa?"

"Kwa dawa. Ini lako haliivunji. Inakaa mwilini, inajilimbikiza, halafu inaukaba moyo."

Paskali alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari za jirani. "Na wengine?"

"Wote wazima."

"Basi ni mimi tu ninayekuharibia kazi."

Sikudhani aliandika jina la Paskali chini ya saa na dakika. Kanuni ya chuo aliijua: dawa haitoki nje ya geti mpaka pacha wote ishirini na wanne wawe hai. Kanuni hiyo ilikuwa na sababu. Zamani ililetwa dawa iliyojaribiwa mbali, kwa watu wa aina moja, na ilipofika huku iliwainua wengi na kuwalaza wengine chini moja kwa moja, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini. Ndipo chuo kikaanzishwa. Walikusanywa watu wa kila upande, toka Wete hadi Gulu, toka Lodwar hadi Songea, wenye elimu ya kutosha na damu zilizotofautiana: mfamasia wa duka la mtaani, mwalimu wa kemia, muuguzi, daktari wa ng'ombe. Walifundishwa kutengeneza tiba za sumu za viwandani, na miili yao ikawa ndiyo mizani ya tiba hizo.

Sikudhani alikuwa ndiye yule mfamasia wa duka. Alikuwa bado ameshika kalamu pale kengele ya ofisi kuu ilipolia.

*

Profesa Namsifu Mshana, mkuu wa chuo, alikuwa mama wa Kipare wa miaka sitini na kitu asiyependa kukaa. Aliwapokea Sikudhani na Paskali akiwa amesimama, ameegemea meza. Ukutani, kwenye skrini, palikuwa na mwanamume mwenye kola wazi na uso uliolowa jasho. Alijitambulisha kuwa ofisa wa Kamati ya Dharura, na kwamba alikuwa akizungumza kutoka Itandula.

"Bomba la zerani limepasuka kiwandani," Profesa aliwaambia. "Tangu saa tatu na nusu. Watu mia moja na kumi na wanane wamelazwa kwenye ukumbi wa shule. Mashine za kupumulia ni kumi na nne."

Hawakuhitaji kuelezwa zerani ni nini. Ni maji ya kusafishia madini ya betri, mepesi kama petroli, na mvuke wake ndio ulioleta chuo kile duniani. Mwilini, kila msuli hupokea amri kutoka kwenye mshipa wa fahamu, na amri ikishatimizwa kuna kitu kinachoifagia ili msuli upumzike. Zerani huvunja ufagio huo. Amri zinarundikana, msuli unajikunja na hauachii, hata ule wa kuvutia pumzi. Mtu anakosa hewa huku hewa imemzunguka.

"Nimeambiwa dawa mnayo," alisema ofisa.

"Tunayo," alijibu Sikudhani. "Asubuhi hii imemwua mmoja katika ishirini na wanne."

"Mmoja?"

"Mmoja."

"Huku wameshakufa watatu, dada yangu. Na wengine wanaelekea huko huko." Alijifuta uso. "Huyo mmoja ni mtu wa wapi?"

"Ni mimi," alisema Paskali. "Natoka Mbulu."

"Basi, wafanyakazi wa kutoka Mbulu tutawatenga. Majina yao tunayo. Wengine wote wapewe."

Paskali alisogea karibu na skrini ili aonekane vizuri.

"Baba yangu ni Mwiraqw," alisema. "Mama yangu ni Mrangi wa hapa hapa Kondoa. Ini hili nimelirithi kwa nani?"

"Ndugu, wewe ndiye mtaalamu."

"Ndiyo maana nakuuliza. Mimi mtaalamu sijui. Pengine kwa baba, pengine kwa mama, pengine kwa bibi mmoja ambaye hata kabila lake halikuandikwa. Ukianza kuwauliza watu makabila, utamnyima dawa ambaye ingemponya, na utampa ambaye itamwua, na wote wawili watakuwa wamekujibu kweli tupu. Sisi ishirini na wanne ni wavu wa kuvulia. Tunakamata tatizo. Hatuwezi kukwambia liko kwa nani."

Ofisa aliuliza: "Kuna kipimo?"

"Kipo, cha damu," alisema Sikudhani. "Kinachukua saa sita."

"Saa sita hatuna."

"Najua."

Profesa Mshana alifungua droo, akatoa karatasi moja, akaiweka mezani. Kanuni ya ishirini na wanne ilikuwa na mlango mmoja mdogo. Wakati wa maafa, dawa iliyofeli ingeweza kutoka ikiwa ina sahihi mbili: ya aliyeitengeneza, na ya yule ambaye pacha wake alikufa. Sahihi ya profesa haikutakiwa.

"Kanuni hii niliiandika mwenyewe," alisema, "na nilijitoa makusudi. Mtu wa cheo changu hupigiwa simu nyingi."

Sikudhani aliitazama karatasi. Hesabu haikuwa ngumu, na hilo ndilo lililomtisha. Akitoa dawa kwa dozi kamili, watu mia na zaidi watavuta pumzi kabla ya sala ya adhuhuri. Pengine watano watakufa, pengine mmoja, pengine hakuna. Asipotoa, nusu ya ukumbi ule itazikwa kesho. Mtoto wa darasa la pili angeweza kuchagua. Lakini mtoto wa darasa la pili hajakaa mbele ya kioo akaona ule mstari ukilala.

"Dada Siku," Paskali aliita. "Umewahi kuona ng'ombe aliyekunywa maji ya josho?"

"Kwetu Pemba?"

"Basi nikwambie. Josho ni maji ya dawa ya kupe. Ng'ombe akiyanywa anatokwa mate, anatetemeka, anaanguka. Sumu ile ni binamu wa zerani. Sindano yake ipo, lakini nayo ni kali. Ukiitia yote kwa pamoja, unamwokoa na josho unamwua kwa sindano. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa anatia robo, anachuchumaa, anatazama jicho. Jicho likikubali, anatia robo nyingine."

"Unasema tugawe dozi."

"Robo, kila baada ya robo saa. Pacha wangu moyo ulishuka dakika ya kumi na moja, sivyo? Basi kila mgonjwa apate mtu wa kumshika mkono na kuhesabu mpigo. Ikifika dakika ya kumi na moja na mpigo haujashuka, endelea. Ukishuka, simama. Robo moja haitamwua, na itamshikilia."

"Hatujajaribu robo."

"Hatujajaribu."

"Na wale walio hoi hawatafika saa nzima."

"Wengine hawatafika," Paskali alikubali.

Sikudhani akamgeukia profesa. "Nikitia yote, kuna mtu nitamwua kwa mkono wangu. Nikigawa, kuna mtu atakufa kwa sumu."

"Mkono unaochelewa nao ni mkono," alisema Profesa Mshana. "Usijidanganye hapo, binti. Chagua, lakini usijidanganye."

Kwenye skrini, nyuma ya ofisa, alisikika mtu akikohoa kikohozi kikavu kisichokoma.

Sikudhani alitia sahihi, na juu ya sahihi akaandika: *Kwa dozi ya robo tu.* Paskali alivuta karatasi, akatia yake.

"Nina sharti," alisema. "Nakwenda naye. Miaka miwili mmekuwa mkinihitaji ini. Leo mnihitaji na macho."

Alisema bila hasira. Profesa alimtazama, akaitikia kwa kichwa, akachukua simu kuita ndege.

*

Walitua Itandula saa sita na dakika ishirini. Alikuwa ameongezeka maiti mmoja.

Ukumbi wa shule ulikuwa mrefu, madirisha yote wazi, na madawati yamerundikwa nje. Wagonjwa walilazwa kwenye magodoro kwa safu nane. Daktari wa zamu, Dakta Chilongani, kijana wa Kigogo aliyekuwa bado amevaa viatu vya mpira vya kuoshea sumu, aliwaeleza mambo upesi upesi. Wote wamevuliwa nguo na kuoshwa. Mashine kumi na nne ziko kwa kumi na wanne waliozimia kwanza. Wengine wanapuliziwa hewa kwa mifuko ya mkono, na wanaopuliza ni walimu, wapishi, hata mwenyekiti wa kitongoji.

Paskali alipanda juu ya kiti akasema nao. Hakutumia neno moja la maabara. Aliwaambia kila mmoja ashike kifundo cha mkono cha mgonjwa wake, atafute mahali panapodunda, ahesabu. Aliwapigia makofi mwendo wa mpigo mzima, kisha mwendo wa mpigo ulioshuka. "Ukisikia huu wa pili," alisema, "inua mkono wako wa kushoto. Usipige kelele. Inua tu mkono."

Robo ya kwanza iliingia kwa watu wote mia moja na kumi na wanne kati ya saa sita na nusu na saa sita na dakika arobaini. Ilipofika dakika ya tano tangu sindano ya kwanza, ukumbi ulianza kubadilika. Vikohozi vilipungua. Mtu mmoja aliomba maji. Mwalimu wa kike aliyekuwa akipuliza mfuko alianza kulia bila sauti, mikono yake ikiendelea kufanya kazi.

Kisha mikono miwili ya kushoto ikainuka kwa wakati mmoja, katika safu ya sita, magodoro yaliyopakana.

Sikudhani alifika kwanza. Godoro la ukutani alilazwa mwanamke mnene wa makamo, Nkwimba Lukelesha, mpishi wa kantini ya kiwanda. La pili alilazwa fundi wa mabomba, Mathayo Ntandu, wa miaka thelathini na minne. Mipigo yao yote miwili ilikuwa imeshuka hadi arobaini na kitu. Wote wawili walikuwa na dakika sita tu tangu sindano.

"Mapema mno," alisema Sikudhani. "Haitakiwi kushuka sasa."

"Zerani yenyewe hushusha mpigo," alisema Dakta Chilongani, aliyekuwa amemfuata. "Wengine wamekufa hivyo hivyo kabla hamjafika. Huyu Mathayo ndiye aliyefunga valvu. Aliingia mara mbili. Ana sumu kuliko yeyote humu."

Hapo Sikudhani aliona jambo ambalo pacha hawakumfundisha. Pacha walitiwa sumu kidogo, kwa kipimo. Hakuna hata mmoja aliyefunga valvu. Mpigo ulioshuka sasa ulikuwa na maana mbili. Ikiwa ni sumu iliyoushusha, mgonjwa anahitaji dozi yote iliyobaki, sasa hivi. Ikiwa ni dawa, tone moja zaidi litammaliza. Na kwa macho, mambo hayo mawili yalifanana kama mapacha wa kweli.

"Mpe yote," alisema Dakta Chilongani. "Wote wawili. Utapoteza nini?"

Sikudhani alikuwa ameshika mabomba mawili ya sindano, yamejaa. Aliutazama uso wa Mathayo. Midomo ilikuwa ya buluu. Muuguzi alikuwa akimpulizia hewa, na kifua kilipokea kwa shida, kama mlango uliovimba kwa mvua. Akamtazama yule mpishi. Naye alikuwa vivyo hivyo.

Paskali alikuwa amepiga goti upande wa pili, ameshika mkono wa Nkwimba. "Kama ni dawa," alisema, "dakika ya kumi na moja mpigo utaanguka tena, utakwenda chini ya thelathini. Kama ni sumu, utabaki hapo hapo au utapanda. Hapo tutajua."

"Dakika tano," alisema Sikudhani.

"Dakika tano."

"Na asipofika?"

Hilo Paskali alikuwa ameshalijibu chuoni.

Angeweza kumtia mmoja na kumwacha mwingine. Wazo hilo lilimjia, akaligeuza mara moja tu. Amchague nani? Fundi kwa kuwa alifunga valvu? Mpishi kwa kuwa ana umri wa mama yake? Hakuwa na sababu hata moja iliyotoka kwenye elimu. Aliyafunga yale mabomba ya sindano, akayaweka kwenye sahani.

"Tunasubiri," alisema. "Wote wawili."

Dakta Chilongani alichuchumaa kumsaidia muuguzi kumpulizia Mathayo hewa.

Dakika ya saba. Dakika ya nane. Safu nyingine ziliendelea vizuri. Watu waligeuza vichwa. Dakika ya tisa, moyo wa Mathayo Ntandu ulisimama. Walimkandamiza kifua, na sasa Sikudhani alimtia dozi yote iliyobaki, kwa kuwa hapakuwa na cha kuogopa tena. Walifanya kazi ile dakika ishirini na mbili. Moyo haukurudi.

Katikati ya kazi hiyo alimsikia Paskali nyuma yake akihesabu kwa sauti ndogo: "Thelathini na tano. Thelathini na moja. Ishirini na nane." Kisha akasema, "Ni dawa. Mama huyu ni kama mimi. Msimwongeze kitu."

Hawakumwongeza. Walimpa mashine iliyoachwa na mtu aliyekwisha kupona, na saa tisa alasiri Nkwimba Lukelesha alifumbua macho akauliza kama ule wali wa mchana umeungua.

Majibu ya damu yalikuja jioni. Wenye ini kama la Paskali walikuwa watatu: Nkwimba, dereva mmoja kutoka Urambo, na mhandisi mgeni ambaye wazazi wake walitoka Gujarati; hao wawili mipigo yao ilishuka dakika ya kumi na moja, na hawakuongezwa robo ya pili. Wafanyakazi wa kutoka Mbulu walikuwa tisa, na wote tisa damu zao zilionyesha kwamba dozi kamili isingewadhuru.

Damu ya Mathayo Ntandu ilionyesha vivyo hivyo. Ini lake lilikuwa na uwezo wa kuivunja dawa. Mpigo wake ulishushwa na sumu.

*

Ilikuwa sehemu ya mafunzo ya chuo kwamba aliyetengeneza dawa hukutana na ndugu za waliokufa. Somo hilo halikuwa na mtihani. Ijumaa asubuhi, siku moja baada ya mazishi, Sikudhani alikaa katika chumba cha walimu cha shule ya Itandula, na Eliwaza Ntandu akaingia.

Alikuwa dada mkubwa wa Mathayo, mwanamke wa miaka hamsini hivi, Mnyaturu, mwalimu mstaafu wa hesabu. Wazazi wao walikufa mapema. Mathayo alilelewa naye. Alikaa wima, mkoba mapajani. Walisalimiana, wakaulizana hali za nyumbani. Kisha akasema:

"Nimesikia mengi. Nataka nisikie kwako. Ungempa dawa yote, angepona?"

Sikudhani alikuwa amefikiri swali hilo usiku na mchana, na alikuwa na majibu kadhaa, yote ya kweli nusu nusu.

"Huenda," alisema. "Kwa ninayoyajua leo, nadhani angepona. Siku ile sikuyajua."

"Kwa nini hukumpa?"

Akamweleza. Alieleza magodoro mawili, mipigo miwili, na zile dakika tano. Hakulitaja jina la mpishi. Eliwaza alisikiliza kama anayefuata hesabu ubaoni, akitafuta mstari uliokosewa.

"Na yule wa pili, ungempa yote?"

"Angekufa."

"Amepona?"

"Amepona. Anatembea."

"Anajua habari ya Mathayo?"

"Anajua kuna waliokufa. Hajui kwamba uamuzi ulikuwa mmoja kwa wote wawili."

"Asiambiwe," alisema Eliwaza.

"Itaandikwa kwenye ripoti, mama. Lazima iandikwe."

"Andika. Kuandika ni kazi yako. Lakini msimwendee kitandani mkamwambia. Mtu akipona aachwe apone."

Sikudhani aliitikia. Alikuwa bado na jambo moja, na hilo lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Chini ya kiti chake kulikuwa na kisanduku cha barafu. Profesa Mshana alimpigia simu jana yake. Damu ya Mathayo ilikuwa imehifadhiwa mle kisandukuni, na kutokana nayo angeweza kuoteshwa pacha, wa kwanza kutoka kwa mtu aliyelemewa na zerani kiasi kile. Kwa pacha huyo wangeweza kujifunza kutenganisha mpigo unaoshushwa na sumu na ule unaoshushwa na dawa. Sheria ilitaka ruhusa ya ndugu.

Alilisema lote, bila kulipamba.

"Huyo pacha atapumua?" Eliwaza aliuliza.

"Kipande cha pafu kitapumua."

"Na moyo?"

"Utadunda."

"Halafu mtamtia sumu tena."

"Ndiyo. Mara nyingi."

Nje, watoto walikuwa wakirudisha madawati ukumbini, wakiyaburuta sakafuni. Eliwaza aliwasikiliza mpaka wakamaliza safu moja.

"Hapana," alisema. "Mathayo ameshaingia mle mara mbili kwa hiari yake. Mara ya tatu hamwezi kumwuliza, na mimi siwezi kumjibia."

"Nimekuelewa, mama." Na kweli alikuwa ameelewa. Aliinama akakisukuma kisanduku nyuma kwa mguu. Alikuwa akifikiri atamwambiaje profesa, na jinsi kazi ile itakavyochelewa, mwaka pengine, pengine miwili.

"Sijamaliza," alisema Eliwaza. "Mimi na yeye ni baba mmoja mama mmoja. Damu yangu haiwezi kuwafaa?"

Sikudhani aliinua uso. "Huenda isifae. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana ini. Na wewe hujawahi kuvuta sumu kama yeye. Siwezi kukuahidi kitu."

"Huenda," alisema Eliwaza. "Naona ndilo neno lenu kubwa hapo chuoni."

"Ndilo, mama."

"Huyo wangu mtamtia sumu?"

"Ndiyo."

"Akifa mtaniambia?"

"Wewe kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Nitakupigia mimi mwenyewe."

Eliwaza alifikiri. Aliweka mkoba chini, akakunja mkono wa gauni hadi juu ya kiwiko, taratibu, kama anayejiandaa kuosha vyombo.

"Mimi nipo hai," alisema. "Mimi naweza kusema ndiyo. Nimesema."

Sikudhani alikuwa amekuja na karatasi za ruhusa ya maiti tu. Sindano hakuwa nayo. Alisimama, akatoka nje kumtafuta muuguzi.